Kuchagua uwiano wa gia za Roadster kwa milima ya Arusha na Moshi: shajara ya mradi

Gari ni Eunos Roadster ya 1991 (ndiyo Mazda MX-5, gari dogo la wazi la viti viwili), injini ya 1.6 (B6-ZE), giaboksi ya gia tano, difu (gia ya mwisho kati ya magurudumu ya nyuma) ya 4.300. Ilipotoka kiwandani Japani ilihesabiwa nguvu farasi 120 kwenye mizunguko 6,500 kwa dakika, na mvuto wake mkubwa (torki) uko kwenye 5,500. Siku za kazi inatembea Arusha na Moshi. Jumapili asubuhi inapanda kutoka njia panda ya Himo kwenda Marangu, na huko ndiko shida ilikoonekana: kwenye kona kali gia ya pili inazama, injini inakosa nguvu, na ya kwanza inapiga kelele kama imeumizwa. Naandika hatua kwa hatua ili mwenye gari la aina hii asianze kununua vyuma kabla ya kuhesabu.

18 Januari 2025: Hesabu kabla ya spana

Kanuni ni moja tu. Chukua mzunguko wa tairi kwa mita, zidisha kwa 60, kisha gawanya kwa uwiano wa gia uliozidishwa na uwiano wa difu. Jibu ni kilomita kwa saa kwa kila mizunguko 1,000 ya injini. Tairi ya kiwandani ya gari hili ni 185/60R14, kipenyo milimita 578 hivi, mzunguko mita 1.815. Kwa hiyo 108.9 gawanya kwa uwiano wote.

Giaboksi ya gia tano: 3.136, 1.888, 1.330, 1.000, 0.814. Ukizidisha kwa 4.3 na kufikisha injini mizunguko 7,000, unapata:

Gia ya kwanza: 57 km/h
Gia ya pili: 94
Gia ya tatu: 133
Gia ya nne: 177
Gia ya tano: siifikishi huko, ila kwenye 100 km/h injini iko 3,210

Kasi za mwisho hazina kazi kwangu. Kati ya Tengeru, Usa River, Maji ya Chai na Boma Ng'ombe kila baada ya muda kidogo kuna kibao cha 50, na askari wa tochi (kipima kasi) wanajua kivuli cha kila mti. Ninachotazama ni injini inaangukia wapi ninapopandisha gia. Kutoka ya kwanza kwenda ya pili inashuka toka 7,000 hadi 4,214. Pili kwenda tatu, 4,931. Tatu kwenda nne, 5,263. Nne kwenda tano, 5,698. Ngazi zinakaribiana kadiri unavyopanda, na hivyo ndivyo inavyotakiwa: upinzani wa hewa unakua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo juu huko gari halina nguvu ya ziada ya kuvumilia shimo kubwa kati ya gia na gia.

Sasa kona. Kona kali ya Marangu natoka nayo kwenye 38 km/h hivi. Kwa gia ya pili injini iko 2,830. Kwa ya kwanza iko 4,700, lakini kuirudisha ya kwanza gari likiwa linatembea ni kugombana na sinkronaiza (pete zinazolinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana). Shimo langu liko kati ya gia ya kwanza na ya pili. Sikulitegemea hapo, vijana wote niliowauliza walisema ni pili na tatu.

Jambo la mwisho kwenye karatasi ni hewa. Arusha iko kwenye mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi kwa asilimia 13 hivi kuliko ya pwani. Injini isiyo na turbo inapoteza mvuto kwa kiasi kilekile. Wahandisi wa Mazda kule Hiroshima hawakupanga gia hizi wakifikiria Ngaramtoni.

2 Februari 2025: Tairi kwanza

Nilipolinganisha geji ya mizunguko na kasi ya simu kwenye barabara ya mchepuko ya Arusha, namba hazikukubaliana na karatasi. Gia zilikuwa ndefu kuliko hesabu kwa asilimia tatu na kidogo, yaani gari lilikwenda mbali zaidi kwa kila mzunguko wa injini. Jibu lilikuwa limeandikwa ubavuni mwa tairi: 185/65R14. Aliyekuwa nalo kabla yangu aliinua gari ili lipite matuta.

Tairi ndefu ni sawa na kubadili difu. 185/65 ina kipenyo cha milimita 596, na difu ya 4.3 inakuwa kama 4.17 kwa gia zote. Hakuna aliyegusa giaboksi wala difu, ila gari limeshapunguzwa nguvu magurudumuni.

Nimerudisha 185/60. Tairi nne, shilingi 520,000. Matuta ya Kikatiti sasa nayapita kwa upande kama kaa, lakini gari limeamka. Ukiwa na gari lolote la mtumba, soma ubavu wa tairi kabla ya kufungua hata nati moja. Hii ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kusogeza uwiano, na kwa watu wengi ingetosha kabisa.

Kona ya Marangu bado inazama.

15 Machi 2025: Giaboksi ya gia sita, difu ileile

Njia zilizokuwepo zilikuwa tatu. Kuchonga gia mpya kwa oda: bei yake ni ya gari lingine, nimeacha. Kuweka difu fupi zaidi (yenye namba kubwa) na kubaki na gia tano: fundi wangu wa Unga Limited, mtaa wa Arusha, aliipigia debe sana. "Kaka, difu ndiyo inavuta gari. Weka fupi, utanishukuru." Ni kweli inavuta, lakini difu husogeza ngazi nzima kwa pamoja, juu au chini, nafasi kati ya kidato na kidato inabaki ileile. Na gia ya tano ingekuwa inapiga kelele njia nzima ya Moshi. Njia ya tatu ni giaboksi ya gia sita ya Roadster ya kizazi cha pili, ambayo inaingia kwenye injini hii bila kukata wala kuchomelea.

Uwiano wake: 3.760, 2.269, 1.645, 1.257, 1.000, 0.843.

Nimeipata Dar es Salaam kwa 1,450,000 ikiwa na mkono wake wa gia, usafiri wa basi 60,000. Kwa kuwa giaboksi inashuka, klachi nayo imebadilishwa, 280,000. Ufundi 150,000. Kushusha na kupandisha ni kazi ya kawaida, isipokuwa ile boriti ndefu ya alumini inayounganisha giaboksi na difu chini ya gari: itegemeze kabla ya kulegeza bolti, vinginevyo difu inaning'inia na kuvuta mipira yake. Waya wa spidi, unaoendesha mshale wa kasi kwenye dashibodi, unahamishwa na gia yake ndogo kutoka giaboksi ya zamani.

30 Machi 2025: Matokeo, gia sita na 4.3

Masika yameanza, nimepata asubuhi moja kavu tu ya maana.

Kupanda: safi mno. Kona ya 38 km/h kwa gia ya pili sasa iko 3,400. Injini inashika bila kulalamika.

Lakini gia ya kwanza inaisha kwenye 47 km/h na ya pili kwenye 78. Kwenye vipande vilivyonyooka kati ya kona za Marangu nafika karibu na 80, yaani injini inagonga kikomo hatua chache kabla ya kona inayofuata, na nalazimika kuingiza ya tatu ili nirudi ya pili papo hapo. Mikono inafanya kazi ya bure. Mjini ni vilevile: kuzunguka mnara wa saa kwa gia ya kwanza haiwezekani, na katikati ya mzunguko, bajaji kushoto na daladala kulia, siyo mahali pa kubadili gia.

Barabara kuu: 100 km/h kwa gia ya sita ni 3,330. Nina gia moja zaidi na kelele zaidi. Rafiki aliyekaa pembeni hadi Moshi alisema, "Chalii yangu, hii gia ya saba iko wapi?"

Kuna kitu kingine karatasi ilikuwa imeshakisema na mimi nilitaka kukiona barabarani. Hatua kutoka ya kwanza kwenda ya pili kwenye gia sita ni ileile: kutoka 7,000 unaangukia 4,224, dhidi ya 4,214 ya gia tano. Pengo halikupungua. Limehamia chini, kwenye kasi ambayo kona za Marangu hazinikuti. Faida yote ya mlima imetokana na hapo. Pengo la pili kwenda tatu ndilo limepungua kidogo, sasa naangukia 5,075.

Kwa hiyo ngazi ni nzuri, imesimama mahali pafupi mno. Hapo ndipo difu inapohitajika: kuisogeza.

24 Mei 2025: Difu ya "4.1"

Hesabu ya gia sita kwa difu mbili zilizopatikana kwenye Roadster za 1.8 na za baadaye:

Kwa 4.1: kwanza 49, pili 82, tatu 113, nne 148; 100 km/h kwa sita ni 3,170.
Kwa 3.909: kwanza 52, pili 86, tatu 119, nne 155, 100 km/h kwa sita ni 3,030.

Nilitaka 4.1. Difu ya 1.6 ni ndogo, ya inchi sita. Hizi nyingine ni za inchi saba, kwa hiyo unanunua pia hafushafti zake (za kupeleka mzunguko magurudumuni) na propela yake (shafti ndefu kutoka giaboksi hadi difu), kwa sababu flenji, visahani vya kuziunganisha kwa bolti, hazilingani. Muuzaji mmoja wa Dar alikuwa na seti nzima, 1,300,000, na kwenye difu mtu ameandika 4.1 kwa rangi nyeupe.

Tuliipokea stendi, tukaiweka juu ya benchi kabla ya kuifunga. Chora alama ya chaki kwenye flenji ya pinioni (gia ndogo inayoingiza mzunguko kwenye difu) na kwenye flenji za pembeni. Zungusha flenji zote mbili za pembeni kwa pamoja mara kumi, mwenzako ahesabu pinioni. Difu ya 4.1 ina meno 41 kwa 10, hivyo ungepata mizunguko 41. Ya 4.3 ni 43 kwa 10. Sisi tulipata 39 na kipande kidogo.

Fundi alirudia peke yake, akafuta mikono. "Kaka, hii siyo nne nukta moja." Ni 43 kwa 11, yaani 3.909. Muuzaji alisema rangi aliikuta hivyo. Kurudisha mzigo Dar na kubishana kungekula wiki na pesa, na hafushafti na propela ni zilezile za 4.1, kwa hiyo tumeifunga tuone. Ufundi 120,000.

Chaki na dakika kumi. Mtu asikuuzie difu kwa maneno ya rangi.

7 Juni 2025: Mtetemo, na tochi

Baada ya kufunga, gari lilianza kutetemeka kati ya 90 na 100. Propela ilishukiwa kwanza, ikapelekwa kusawazishwa, ikarudi haina kosa. Tatizo lilikuwa ile boriti ya alumini. Ndiyo inayoamua pua ya difu inaelekea wapi, na bolti zake zinaruhusu mchezo wa milimita kadhaa. Ukikaza tu ilivyokaa, propela inafanya kazi kwa pembe mbaya. Tulilegeza bolti za pande zote, tukainua pua ya difu kwa jeki taratibu, tukapima kwa rula kutoka chasi hadi ilipolingana na kipimo cha kitabu cha gari, kisha tukakaza tukianzia upande wa giaboksi. Mtetemo umekwisha.

La pili ni spidi. Waya unasoma mzunguko wa shafti inayotoka giaboksi, kabla ya difu. Difu ikiwa ndefu, shafti inazunguka kidogo kwa umbali uleule, na dashibodi inasema kasi ndogo kuliko ya kweli. Zamani dashibodi ilionyesha 52 simu ikisema 50. Sasa dashibodi ikionyesha 50, simu inasema 53. Nimejua hilo kwa kupima mwenyewe, nashukuru, kabla ya kuelezwa na mtu mwenye sare nyeupe pale Maji ya Chai.

Kuhusu kuendesha: barabara kuu ni raha. Mlimani nimerudi nusu ya njia. Kona ya 38 km/h iko 3,090, afadhali kuliko 2,830 ya mwanzo, lakini mvuto ule wa Machi haupo. Kwa mtu anayeishi Tanga au Dar, ambako hewa ni nzito, ningemwambia aishie hapa hapa. Ndivyo kiwanda kilivyoioanisha giaboksi hii na difu, na kwa usawa wa bahari ni mpangilio uliotulia.

12 Julai 2025: Baridi ya Arusha na oili

Asubuhi za mwezi huu gia ya pili haikubali kuingia kwa kilomita za mwanzo. Inakwaruza, inasukuma mkono nyuma. Ikipata moto inakubali.

Duka nyingi za hapa ukiomba oili ya giaboksi unapewa namba 90 ya GL-5, ileile ya difu. Kwenye difu ni sahihi, meno ya kraun (gia kubwa ya difu) na pinioni yanasuguana kwa kuteleza na yanahitaji dawa kali. Sinkronaiza inafanya kazi kwa msuguano. Oili yenye utelezi mwingi na nzito wakati wa baridi inaizuia kushika. Tumemwaga, tumeweka 75W-90 ya GL-4. Lita mbili zinatosha. Siku ya pili asubuhi gia iliingia, bado na ukaidi kidogo, ambao giaboksi hii ya gia sita inasifika nao hata huko kwao.

Oili zote mpaka sasa, ya kwanza na ya marekebisho: 150,000.

30 Agosti 2025: 4.1 ya kweli

Imepatikana, tena ikiwa na Torsen ndani (mfumo unaopeleka nguvu zaidi kwenye gurudumu lenye mshiko). 850,000. Tumeihesabu kwa chaki kabla ya pesa kutoka mfukoni: 41. Ile ya 3.909 imenunuliwa na jamaa wa Moshi kwa 600,000. Kubadilisha difu kwa difu, kwa kuwa propela na hafushafti zipo tayari, ni kazi ya asubuhi moja, 80,000. Pua ya difu tumeipima kabla ya kukaza.

Namba za kona: 38 km/h kwa gia ya pili ni 3,245. Gia ya pili inaisha kwenye 82, inanifikisha kona inayofuata bila kugusa mkono wa gia. Mnara wa saa nauzunguka kwa gia ya pili bila kuzima. Moshi naenda na 3,170 kwenye 100, chini ya ilivyokuwa na gia tano.

Kuna hesabu moja imenifurahisha. Uwiano wote wa gia ya pili ulikuwa 8.118, sasa ni 9.303. Ni asilimia 14.6 zaidi ya msukumo kwenye gurudumu kwa mizunguko ileile ya injini. Hewa ya Arusha ilichukua asilimia 13. Kwa hiyo gia yangu ya pili huku juu inasukuma kama gia ya pili ya zamani ingesukuma ufukweni. Farasi hawajarudi, gia haitengenezi nguvu. Ninachokilipia ni kuwa gia inaisha kwenye 82 badala ya 94. Kwa barabara ya watu iliyozungukwa na migomba, hizo kilomita 12 sizihitaji.

Spidi imejirekebisha yenyewe. Dashibodi 50, simu 50. Nilikuwa nimeshatafuta gia ndogo ya waya yenye jino pungufu, nimeghairi.

6 Septemba 2025: Gharama

Tairi 520,000. Giaboksi na usafiri 1,510,000. Klachi 280,000. Seti ya difu ya kwanza na propela 1,300,000. Difu ya 4.1 850,000, toa 600,000 ya ile iliyouzwa. Oili 150,000. Ufundi wote 350,000. Jumla 4,360,000. Ungeanza na difu sahihi, ungeokoa 330,000: tofauti ya bei ya kununua ya pili na kuuza ya kwanza, na ufundi wa kufunga mara ya pili.

Giaboksi ya gia tano ninayo bado, nzima, sinkronaiza ya pili imechoka kidogo. Difu ya 4.3 ipo na hafushafti zake na propela yake. Mwenye Roadster ya 1.6 anayeishi pwani na anayetaka gari lirudi kama lilivyotoka kiwandani, vitu vyote vinauzwa pamoja, sivunji seti.